Suruali ya Karani Kwenye Maporomoko ya Sebeya

Aibu hii nimekaa nayo miaka mingi, na wengi walioiona kwa macho yao bado wako hapa mjini, donc afadhali niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mtu atakayeitia chumvi, ingawa kwa jinsi ilivyokuwa sijui hiyo chumvi angeipachika wapi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wako, na mi nilikuwa fundi cherehani kijana, baraza yangu ya kushonea iko mtaa wa Mbugangari, kazi yangu inasifiwa mpaka Goma (najisifu mapema, kwa sababu huko mbele sitapata nafasi). Nilikuwa nimepeleka posa kwa Mzee Hamisi, muuza vitambaa, nikimtaka binti yake Zaina, na mzee hakusema ndiyo wala hapana, alisema tu, "Tutakuangalia." Miezi ikapita naangaliwa. Basi Idd ya mwaka ule ikaangukia Jumamosi, na Jumapili yake, Idd pili, familia nyingi za Kiislamu zilikuwa zinakwenda kutembea kwenye maporomoko ya mto Sebeya, na Mzee Hamisi akanituma neno nifuatane na watu wa nyumba yake. Nikajua leo ndiyo naangaliwa kwelikweli.

Matembezi yenyewe ni rahisi, hata mtoto wa miaka minne anayamaliza kwa miguu yake. Njia inapanda kando ya mto mpaka kwenye maporomoko, unavuka daraja la miti, unateremka kwa ng'ambo, unatokea palepale ulipoanzia. Ni duara. Mtu yeyote anaelewa duara ni nini.

Asubuhi nikapasha pasi ya makaa ninyooshe suruali yangu nzuri, nilikuwa nayo hiyo moja, na kwa kuwaza Zaina atasema nini akiniona, nikaisahau pasi juu ya goti la suruali mpaka harufu ikanishtua. Tundu la ukubwa wa kiganja! Nilikuwa na kanzu safi kabisa, na mtu mwenye akili angevaa kanzu yake akaenda zake. Lakini mi nilitaka kuonekana kama mtu wa ofisini, na pale ukutani ilikuwa imetundikwa suruali ya Bwana Faustin, karani wa serikali, kitambaa cha gabadini rangi ya maziwa. Ijumaa alikuwa amepita kuichukua ili aende nayo kanisani, nikamwambia bado, arudi Jumatatu (na kweli ilikuwa bado, nilikuwa nimezama katika kanzu za watu za Idd), halafu alipoondoka tu nikapata nafasi nikaimaliza. Nikajiambia, Idi, ni saa mbili tatu tu, unarudi, unaipiga pasi, unaitundika, nani atajua? Bwana Faustin ni mnene na mi nilikuwa kama ufito, kwa hiyo nikaikunja kiunoni kwa nyuma, nikaibana kwa pini tatu, koti likafunika yote.

Tukaondoka, Mzee Hamisi mbele, Zaina na wadogo zake katikati, na nyuma Shangazi Mwamini, dada yake mzee, mwanamke ambaye hakuwahi kusema neno kwa sauti ndogo. Akanipa sufuria ya pilau niibebe. Nikaishika mbali na mwili, mikono imenyooka, nisije nikapaka mafuta gabadini ya watu.

"We, pilau inauma?" akaniuliza.

Pale chini njia inapogawanyika ndipo nilipomwona, ameshatangulia kwa upande wa kulia: mgongo mpana, mwavuli kwapani, kaputula ya kaki ya kazini, na mke wake hatua kumi mbele yake. Bwana Faustin mwenyewe.

Sasa hapa ndipo nilipoonyesha akili zangu. Kama ningenyamaza tukamfuata nyuma polepole, ningeuona mgongo wake tu mpaka jioni, basi. Lakini mi nikasema, "Baba, tupitie upande wa kushoto, mwinuko wake ni mpole, Shangazi hatachoka." (Upande wa kushoto sikuwahi kuupita hata siku moja.)

"Nani amekuambia mi nimezeeka?" Shangazi akasema, lakini mzee alikuwa ameshageuka kushoto, na Zaina akaniangalia kidogo, akaiangalia suruali. Nikapanda nikijipongeza moyoni. Nilitembea saa nzima nikimkimbia mtu kwa kumwendea.

Kwenye maporomoko watu walikuwa wamejaa, mikeka imetandikwa, watoto wanarusha mawe majini. Tukapata mahali pazuri karibu na maji, Shangazi akaanza kupakua, na mi nikainua macho, nikaona mwavuli unavuka daraja. Unakuja kwetu.

Ningeweza kukaa nikajifunika na mkeka. Ningeweza kusingizia tumbo. Badala yake nikavua koti na viatu, nikaingia mtoni na suruali ya watu, nikakaa juu ya jiwe mpaka maji yakanifika kifuani. Mto ule unateremka kutoka milimani, na baridi yake inaingia mpaka kwenye mifupa.

"Idi! We iko na nini?" Shangazi akapiga kelele.

"Joto, Shangazi."

"Joto ya wapi?"

Bwana Faustin akafika, akasalimia, na Mzee Hamisi kwa ukarimu wake akasema, "Karibu, bwana karani, kula Idd pamoja na sisi." Mke wa karani akapitiliza kwa jamaa zake, lakini yeye akasema, "Bon, kidogo tu," akakaa, na hicho kidogo chake kikawa sahani tatu. Katika sahani ya pili akaniona.

"Fundi! Kumbe iko hapa! Na suruali yangu?"

"Kesho, Bwana Faustin," nikasema, meno yanagongana. "Imebaki vifungo tu."

Akamgeukia mzee. "Leo nimeingia kanisani na kaputula ya kazi. Bibi yangu anatembea mbele yangu kama vile hatujuane. Na mi nasikia mafundi ya hapa wanavaaga nguo za watu."

Mzee Hamisi akaweka chini tonge lake. "Wengine, ndiyo," akasema. "Huyu, hapana. Huyu kijana, mi mwenyewe namusimamia. Binti yangu nitamupatia."

Jamani, hiyo ndiyo iliyokuwa ile ndiyo niliyoingoja miezi yote, na ilinikuta nimekaa ndani ya maji nimevaa uongo. Ningependa kuwaambia kwamba nilisimama nikakiri. Sikukiri. Nilisema, "Ahsante, baba."

Palepale pini moja ikafunguka ikanichoma mahali ambapo sitapataja. Nikapeleka mkono nyuma nikaichomoa, na katika kuhangaika nikachomoa na ya pili, ya tatu ikajifungua yenyewe, na mto uliokuwa umeijaza miguu ya suruali kama magunia mawili ukaivuta mara moja tu. Nikajaribu kuishika, nikaikosa. Ikateleza, ikaelea, ikazunguka jiwe vizuri kabisa, ikaenda moja kwa moja kwenye mkeka wetu.

Bwana Faustin, ambaye ni mtu mwema, akainamisha mpini wa mwavuli akaiopoa. "Suruali ya nani hii? Mto itaibeba!" Akaiinua juu, maji yanatiririka, akaitazama, akaigeuza kiunoni, na pale kwa ndani akaona herufi F niliyoishona mwenyewe kwa uzi mwekundu, kama nilivyofanyaga kwa kila mteja.

"Yampayinka," akashangaa polepole kwa Kinyarwanda. Akagusa kifungo kimoja, cha pili, cha tatu. "Bon. Naona vifungo iko yote."

Nikasimama ili nieleze. (Msiniulize kwa nini nilisimama.) Nguo yangu ya ndani nilikuwa nimejishonea mwenyewe kwa vipande vilivyobaki vya vitambaa vya wateja, upande huu mistari ya buluu, upande huu maua ya manjano, na sauti ya Shangazi Mwamini ikapaa juu ya maporomoko yote.

"Hayo maua! Hiyo si kitambaa ya gauni yangu? Uliniambia haikutosha mikono!"

Na alikuwa amelivaa gauni lenyewe, mikono imeishia begani.

Idd pili nzima ikacheka. Bwana Faustin alicheka mpaka akashikilia mwavuli asianguke. Shangazi, pamoja na hasira zake, akanitupia kanga yake, nami nikateremka ile njia nusu iliyobaki nimevaa kanga, nikipishana na familia zilizokuwa zinapanda, na kila moja ikinitakia Idd njema. Aliyekuwa hacheki ni Mzee Hamisi peke yake. Tulipofika chini akasimama, akaniambia taratibu, "Idi, miguu ya mutu si kitu. Lakini mi nilikuwa nakusimamia, na we ulikuwa unanisikia."

Nikarudi nyumbani peke yangu na kanga ya Shangazi.

Jumatatu nilianza suruali mpya kwa gabadini ya aina ileile, na ilipokwisha niliipeleka ofisini kwa miguu yangu, nikaeleza yote kwa mdomo wangu mbele ya makarani wenzake. Shangazi sikuweza kumrudishia mikono ya gauni lake (asingeitaka). Mzee aliirudisha mfukoni ile ndiyo yake mwaka mzima, Idd mpaka Idd, ndipo akanipa Zaina. Siku moja, tumekwisha kuoana, nikamuuliza mke wangu ilikuwaje akaningoja baada ya aibu ile.

"Wanaume wote wanadanganyaga," akasema. "We angalau unakamatwa haraka."

Nimeapa, na naapa tena mbele yenu, nguo ya mtu sitaivaa, hata kofia, hata kwa kupima. Wateja walirudi polepole na waliniamini, ila kwa muda mrefu sana kila aliyekuja kuchukua suruali yake aliikamua kwanza kidogo.