Embe la Kwanza la Salamabila

Nilipokuwa bado mdogo wa kulala mkeka mmoja na Bibi, hapakuwa na mtu Kasongo aliyekubali kwamba amepanda mwembe. Ukiingia ua wowote wa mtaa wetu unakuta mwembe, pengine miwili, umepaliliwa vizuri na kuzungushiwa matofali, lakini ukimwuliza mwenye nyumba ni nani aliyeupanda, anakutazama kana kwamba umemtukana. Atakujibu kwamba uliota wenyewe. Mji mzima ulijaa miembe iliyoota yenyewe.

Sababu tuliijua hata sisi watoto. Mtu akichimba shimo kwa mkono wake, akaweka kokwa la embe na kufukia, amekwisha kuupa ule mti uhai wake. Siku atakapoonja tunda la kwanza, mti unachukua chake. Kwa hiyo watu walikuwa na namna yao. Aliyetaka mwembe alikula embe akiwa amesimama pale pale anapoutaka, kisha akageuka, akarusha kokwa nyuma ya mgongo bila kutazama, akaenda zake. Mche ukichomoza anaita majirani waje waone maajabu. Nilimwona kwa macho yangu mzee mmoja wa heshima, mwenye duka la chumvi na sabuni, akirusha kokwa lake likaangukia pabaya, karibu na ukuta. Akarudi kinyumenyume, akalisukuma kwa kisigino mpaka likakaa sawa, uso ukiwa bado unatazama barabarani. Hakuna aliyemcheka. Alikuwa anafanya kama inavyotakiwa.

Na ushahidi ulikuwepo, mrefu na mnene, kando ya barabara zetu. Ile miembe mikubwa ya zamani ilipandwa na wafanyabiashara wa wakati wa pembe za ndovu, hao ambao upande wa baba yangu hujivunia kuwa wazao wao. Watu walikuuliza: hao waliopanda wako wapi leo? Wote wamekufa. Na ilikuwa kweli.

Mama yangu alitoka Kabambare, kwa Wabangubangu, watoto wa mashamba. Kwao baba yake alikuwa na michungwa, na yeye tangu msichana alijifunza kukata kijiti cha mti mtamu na kukipandikiza kwenye shina la mti mkali. Alipoolewa Kasongo alikuta nyuma ya nyumba yetu ua mpana usio na kitu isipokuwa kisamvu na kuku. Akakaa kimya miaka ya kwanza, kama inavyompasa mke mgeni. Halafu siku moja akachukua jembe, mchana, jua likiwaka, watu wakipita, akachimba mashimo ya miembe.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nakumbuka jirani yetu Mama Furaha aliyekuwa akitwanga pale kwake akauacha mchi ndani ya kinu.

Baba hakumkataza. Alikuwa mtu wa pikipiki na safari, akipeleka nguo na sabuni Salamabila kwa wachimba dhahabu, na moyo wake ulikuwa mwepesi. Badala ya kugombana na mke wake alimletea vijiti. Popote alipokula embe tamu aliomba kijiti cha mti ule, akakifunga kwa jani bichi la mgomba na kukisokomeza ndani ya mfuko. Mama alikichonga, akakipachika kwenye mche na kukifunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Kwa namna hiyo tukapata dodo, ambalo kila mtu analijua, kubwa lisilo na nyuzi. Tukapata la Kabambare, refu, linalobaki kijani hata likiiva, hivi kwamba wezi wanalipita. Tukapata lile dogo la kunyonya, nyuzi tupu, lakini utamu wake ni wa kumpatanisha mtu na adui yake. Na tukapata la Salamabila, la mviringo, ambalo mti wake ulikuwa umeota nyuma ya kibanda cha mchuuzi mmoja wa chai. Baba aliapa kwamba hajawahi kula embe kama lile.

Bibi, mama yake Baba, aliyatazama yote hayo bila kusaidia hata kubeba ndoo ya maji. Jioni moja alimwita Mama jikoni. Mimi nilikuwa nikichambua mchele, na watoto wanaochambua mchele husahauliwa.

“Mama Zaina,” akamwambia, “ule muti utakuua. Na ukikufa, watu watasema ni miye mama-mukwe nimekukula.”

Kwetu kumla mtu ni kumroga mpaka afe, na mama mkwe ndiye wa kwanza kunyoshewa kidole. Mama alijibu kwa upole kwamba kwao wamepanda miti ya kila aina na wazee wao wamezeeka. Bibi akasema michungwa si miembe. Kisha akamweleza habari za kaka yake, ambaye sikuwahi kumsikia kabla ya siku ile. Alikuwa na kiburi, akapanda mwembe mbele ya watu. Mwaka mti ulipozaa alikula la kwanza akicheka, na maembe ya msimu ule hayakuwa yamekwisha alipozikwa. Mama aliuliza kama alikuwa mgonjwa. Alikuwa anakohoa, Bibi akasema, lakini alikuwa amekohoa miaka mingi bila kufa.

Tangu siku ile mimi niliishi na hofu. Nasema wazi, ilikuwa hofu ya kweli, ya kuamka nayo na kwenda nayo shule. Watoto wengine waliombea mvua isinyeshe siku ya mpira. Mimi niliomba miembe yetu iwe tasa. Kila nilipoona majani mapya yametoka, yale mekundu laini, niliomba upya. Nilimwona Mama anaipapasa ile miche asubuhi kama anavyowapapasa wadogo zangu vichwani, nikawa namwonea uchungu kwa kuwa hajui anachokilea. Miche ikaniacha kwa urefu. Mwisho wa kiangazi kimoja, ule wa Salamabila ukatoa maua.

Maua mengi yalipukutika na upepo, nikafurahi. Lakini machache yalishika. Mvua zilipoanza vizuri yakawa maembe, yakanenepa, na moja likaanza kugeuka rangi upande wa juani. Mama alitangaza kwamba atalikata Ijumaa. Baba alikuwa safarini. Majirani wote walijua, maana jambo kama hilo halikai ndani ya ua.

Ijumaa ile asubuhi Bibi alioga mapema, akavaa nguo zake nyeupe, akatoka. Alizunguka mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, Waislamu na Wakristo, akiomba radhi. Kama niliwahi kukukosea, unisamehe. Mama Furaha alimwuliza kama anasafiri, naye akajibu kwamba huenda. Watu wakadhani anakwenda Kabambare kwa binti yake aliyeolewa huko, na kwa ile barabara, mvua zikiwa zimeanza, kuaga kwa namna ile hakukumshangaza mtu. Aliporudi aliniita chumbani, akafungua sanduku lake. Alinionyesha kikwembe cha buluu, kitenge chake cha kujifunga, akasema hiki ni chako, na sufuria kubwa ni ya mama yako. Chini kabisa palikuwa na sanda yake, imekunjwa. Hiyo hakuigusa. Mimi nilifikiri anagawa vitu kwa sababu ya safari.

Baada ya swala ya mchana tulikusanyika uani. Mama alileta embe kwenye sahani, na kisu. Mama Furaha na wengine walisimama nje ya uzio wakijifanya wanapita, ila hawakupita. Bibi alikuwa ameketi juu ya mkeka karibu na mlango wa jiko. Mama alipoinama kukata, Bibi akanyosha mkono.

“Leta hapa. Ya kwanza ni yangu.”

“Mama, nitakukatia kipande.”

“Si kipande. Asubuhi nimesema na ule muti. Nimeuambia mutu mwenye kukupanda ni miye. Kama unatafuta mutu, mutu iko hapa.”

Mama alisimama na kisu mkononi. Niliona uso wake unabadilika, na nadhani ndipo alipoelewa zile nguo nyeupe na kule kuzunguka kuomba radhi. Akapiga magoti. Alimwambia Bibi kwamba yeye ndiye aliyechimba mashimo, kila mtu aliona, na mti haudanganyiki. Alimwambia haogopi.

“Najua hauogopi,” Bibi akasema. “Lakini weye uko na watoto wadogo, mwanangu. Miye wangu wameisha komaa.”

Hapo ndipo na mimi nilipoelewa. Nililia kwa sauti, nikamshika mkono, nikamwambia asile. Aliuondoa mkono wangu taratibu. Alisema Bismillahi, akafumba macho, akalimenya embe kwa meno.

Alikula polepole mno. Hata kuku nawakumbuka kimya, ingawa haiwezekani. Maji ya embe yalimteremkia mpaka kwenye kiwiko na kuingia kwenye ile mikono myeupe ya nguo yake, na yeye, mwanamke aliyetupiga kwa sababu ya tone moja la mchuzi, hakujali. Alitafuna, akanyonya kokwa, akaliweka kwenye sahani. Kisha akakaa wima, mikono juu ya magoti, akangoja.

Tukangoja naye. Mama alikuwa bado magotini. Nilikuwa natazama kifua cha Bibi kama kinapanda na kushuka. Kilipanda na kushuka. Mwisho akafumbua jicho moja, kisha la pili, akatutazama sote mmoja mmoja, akalamba kiwiko chake.

“Hii iko tamu sana,” akasema. “Hakuna ingine?”

Mama alicheka mpaka akaketi chini kabisa, kisu pembeni, akicheka na kulia pamoja. Nje ya uzio mtu alipiga kigelegele, nafikiri ni Mama Furaha, na mara ua ukajaa watu. Maembe yote yaliyokuwa yamekaribia kuiva yalikatwa jioni ile ile, mengine yakiwa bado machachu, na kila mtu alipata kipande na kutoa hukumu yake. Mimi nilipewa kipande cha karibu na kokwa, penye utamu wote. Mpaka leo sijui kama embe lile lilikuwa bora kuliko mengine duniani au ni furaha tu iliyonijaa mdomoni. Nililia tena nikila, na hakuna aliyeniuliza sababu.

Bibi hakufa wiki ile, wala msimu ule. Miti mingine ilipoanza kuzaa, alishikilia kwamba kila aina ina ahadi yake, na kwa hiyo la kwanza la kila mti lilikuwa lake. Kwa dodo alivaa tena nguo nyeupe na kuomba radhi. Kwa la Kabambare aliomba radhi nyumba za karibu tu. Lilipofika lile la kunyonya, Mama akasema waziwazi kwamba mama mkwe wake sasa ni mlafi, na Bibi akakubali.

Halafu mtaa ukaanza kumtumia. Watu waliokuwa wakirusha makokwa nyuma ya mgongo sasa walikuja kwa Mama kuomba miche, wakachimba mashimo mchana, na kumwita Bibi aje aweke mkono wake juu ya udongo, ili mti umhesabu yeye kuwa mpandaji. Alikwenda kila alipoitwa, tena kwa madaha, akisema miembe inajua tayari njia ya kuja kwake na imeshindwa kufika. Yule mzee wa duka alimwita naye, na safari hii alilitazama shimo. Ukipita leo mtaani kwetu msimu wa maembe, ukuta kwa ukuta, utakula aina ambazo babu zetu hawakuzijua, na mengi yametokana na vijiti vya ua wetu. Bibi aliishi mpaka akambeba mtoto wangu wa kwanza. Alifariki kiangazi kimoja, usingizini, na mtaani hakuna aliyetaja mwembe.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama ushindi wa Mama. Yeye ndiye aliyekuwa na akili, nilisema, yeye ndiye aliyechimba shimo mchana mbele ya mji mzima wakati wengine wanarusha makokwa kwa woga. Watu walipenda kukisikia hivyo, na mimi nilipenda kukisimulia. Mwaka uliopita nilikwenda kumsaidia Mama kuchuma. Alikuwa juu ya ngazi, kwa umri ule, hakubali kushuka. Nilimwambia kwamba ninajivunia ujasiri wake. Aliendelea kuchuma kidogo, kisha akanipa kikapu nikishike.

“Ujasiri gani?” akasema. “Miye siku ile nilijua sitakufa. Yeye alijua atakufa, na alimaliza embe muzima.”