Wifi wa Sinema ya Juu

Ukiambiwa kampuni mbili zimeungana, usikimbilie kupiga makofi. Uliza kwanza nani kamezwa. Mama Tochi hakuuliza, alipiga makofi na wenzake, na hilo ndilo lililomponza.

Alikuwa mwonyesha viti katika Sinema ya Juu, jengo la kumbi nne lililokaa mwanzo wa mtaa. Ukichelewa filamu, yeye ndiye aliyekuongoza gizani kwa tochi mpaka kwenye kiti chako, na ukithubutu kupandisha miguu kwenye kiti cha mbele alikumulika usoni mpaka ushike adabu. Mumewe, Fundi, aliendesha mashine ya kuonyeshea filamu katika Sinema ya Chini, mwisho wa mtaa uleule, mali ya kampuni nyingine. Kampuni hizo zilichukiana kama wake wenza. Wao wawili walilala kitanda kimoja na kutaniana.

"Leo mlijaza?" Fundi aliuliza akivua viatu.

"Tulijaza. Viti vyote vilijaa vumbi. Na nyie?"

"Sisi tulipata wawili. Mmoja alikuwa anakimbia mvua."

Walicheka mpaka binti yao, aliyekuwa darasa la mwisho la msingi, akawaambia wanyamaze anasoma.

Lakini sinema zote mbili zilikuwa mahututi. Wenye kampuni walikuwa wamekopa wakajenga kumbi mji hadi mji, kila mmoja akitaka kumpiku mwenzake, na walipomaliza kujenga, watu walikuwa wameshajifunza kutazama filamu kwenye simu, wamejilaza zao. Kwanza vikazimwa viyoyozi. Kisha viti vilivyochanika vikaachwa hivyohivyo, sponji nje. Mwishowe kampuni ya Juu ikainunua ya Chini, pamoja na mikopo yake. Haya, mwenye njaa amemwoa mwenye njaa, watashiba nini?

Meneja mpya akawaita wafanyakazi wote katika ukumbi wa kwanza. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, wa aina ile ya watu wanaokuchinja huku wanakuita mpendwa. Akasema Sinema ya Chini inafungwa na wachache wake watahamia Juu.

"Na jambo moja, wapendwa. Mke na mume hawafanyi kazi pamoja kwangu. Kama wapo, mmoja aage. Wachague wenyewe nani." Macho yake yakatua kwa Mama Tochi na Fundi, waliokaa pamoja na mwavuli mmoja katikati yao. "Nyie wawili?"

Fundi akaufungua mdomo kabla ya akili. "Huyu? Dada yangu, bosi. Mtoto wa baba mkubwa."

Wenzao waliojua ukweli wakatazama viatu vyao. Siku ya kupunguzwa watu hakuna anayetaka kuwa msemaji.

Usiku ule mke na mume walicheka machozi yakawatoka. "Lala salama, kaka," alisema Mama Tochi. Wakakubaliana iwe hivyo mpaka mambo yatulie. Nami nakwambia, hawakukubaliana kwa sababu ya ujanja. Kila mmoja alitaka mwenzake ndiye aache kazi, na ule uongo uliwaokoa wasigombane. Basi wakaukumbatia.

Fundi akahamia Juu, na mwezi haujaisha waliowajua wakapunguzwa wote, na nafasi zao zikajazwa na watu wa kuhamishwa kutoka sinema zilizofungwa miji mingine. Miongoni mwao alikuwemo binti wa kuuza bisi, mcheshi, mwenye kicheko kinachosikika mpaka vyooni. Kusikia tu kwamba Fundi ni kaka yake Mama Tochi, akaanza.

"Wifi! Njoo uonje, hizi za leo zimekubali chumvi."

Wifi, wifi, kutwa nzima. Alimwekea bisi zilizobaki kwenye mfuko ampelekee mtoto. Alimshikia zamu mguu ulipomuuma. Ukitafuta ubaya wa binti yule hutauona, na mimi nimeutafuta.

Siku moja, watu wamepanga foleni kwenye kaunta na Meneja amesimama palepale akihesabu vikombe, binti akaropoka, "Wifi, niambie ukweli. Kaka yako ana mke?"

Mama Tochi akaona sikio la Meneja limesimama. "Mke? Nani atamtaka na ile harufu ya grisi? Hana! Kama unamtaka, mchukue na nguo zake chafu!"

Kaunta nzima ikaangua kicheko. Meneja naye akacheka, akaenda zake. Mama Tochi akajiona amefaulu mtihani, mjinga wa watu.

Tangu hapo Fundi akaanza kunyoosha mashati. Mtu aliyekuwa akienda kazini na kifungo kimoja sasa ananukia manukato. Akaanza kuchelewa kurudi, mara mashine imekorofisha, mara filamu imekwama.

"Yule binti anakuchekea nini?" Mama Tochi alimuuliza.

"Si wewe uliyemwambia sina mke? Nikimfukuza atajiuliza kwa nini. Unataka tufukuzwe?"

"Nataka usivuke mipaka."

"Mipaka uliifuta mwenyewe, mbele ya watu." Akageukia ukutani akalala, na alilala kweli, akakoroma.

Mambo hayakutulia. Kumbi mbili kati ya nne zikafungwa, milango ikapigwa mbao, na kila mtu akawa anamtazama mwenzake kwa jicho la nani-anafuata. Ndipo binti wa bisi alipomkimbilia Mama Tochi koridoni, akamkumbatia, machozi ya furaha yanamlowesha shingo.

"Wifi, amenichumbia! Kaka yako amenichumbia! Nimeshamwambia Meneja. Si sheria inasema mmoja aondoke? Naondoka mimi, leoleo. Kazi ni kitu gani mbele ya mume?"

Mama Tochi akasimama kama aliyemwagiwa maji. Uchungu wa mume aliutarajia. Kilichomkata maini ni lile neno la mwisho. Kile ambacho yeye na mumewe wa miaka yote hiyo walishindwa kupeana, mtoto wa watu amekitoa kwa pumzi moja, tena anacheka.

Akaingia ofisini kwa Meneja bila kubisha hodi. "Bosi, Fundi ni mume wangu."

Meneja akaweka kalamu chini. "Mpendwa, wewe mwenyewe ulisema hana mke. Nilikuwepo, nilicheka." Akamwita Fundi.

Fundi akasimama mlangoni na shati lake lililonyooka. Alipoulizwa, hakumtazama mkewe. "Dada yangu ana mawazo mengi, bosi. Mumewe alimwacha. Tangu hapo anachanganya mambo."

"Mwongo wewe! Cheti cha ndoa kipo nyumbani, kabatini!"

"Kilete," Meneja akasema, sauti yake bado laini. "Kikiwa cha kweli, mlinidanganya wote wawili, na mtatoka wote wawili leo hii. Mimi natafuta watu wa kupunguza, mtanirahisishia kazi."

Mama Tochi akamwangalia Fundi, akingoja aseme lolote, hata atukane. Fundi alikuwa anatazama zulia. Mama Tochi akamfikiria binti yao na mtihani uliobaki wiki chache, na nyumba isiyo na mshahara hata mmoja.

"Nilikuwa natania, bosi," akasema.

Fundi akashusha pumzi, kwa sauti, kama mtu aliyetua mzigo. Mama Tochi aliisikia ile pumzi na akajua ndoa yake imekwisha, wala haikuuawa na yule binti.

Koridoni Fundi akanyoosha kiganja. "Nipe ufunguo wa nyumba. Nitachukua nguo zangu wewe ukiwa zamu, mtoto asione."

Akampa. Kisha akabaki amesimama mbele yake, asimpishe.

"Usilete vituko," Fundi akanong'ona. "Watu wanapita."

Waliochumbiana wakaoana. Kabla ya mwaka kwisha, kampuni ya Juu nayo ikashindwa na mikopo, ikamezwa na kubwa zaidi. Akaja bosi mwingine, mnene, mpenda mizaha. Alipoelezwa kwamba zamani mke na mume hawakuruhusiwa kufanya kazi pamoja, alistaajabu.

"Sheria ya nini hiyo? Kwangu leteni hata ukoo mzima, ilimradi tiketi ziuzwe!"

Watu wakacheka. Fundi akainua mkono, akasema mke wake alikuwa hodari sana wa kuuza bisi, na bosi akajibu aje kesho. Akaja, tumbo limeshatangulia mbele, na kicheko chake kilekile. Bosi akamtazama hali yake, akasema hafai kunyanyua vitu vizito, kisha akageuka kutafuta mtu wa kumsaidia.

"Wewe mama wa tochi, si ni wifi yake? Basi magunia ya mahindi utakuwa unambebea wewe."

Akayabeba.