Folda Aliyoificha Modesta Shimba

Kwa miaka kumi na tisa Modesta Shimba alikuwa katibu muhtasi wa kiwanda cha kuchambua pamba, na hakuna barua aliyoipiga chapa bila kuweka kaboni. Nakala moja ilikwenda kwenye jalada, nyingine kwenye droo yake.

Mwaka 1998 kiwanda kiliuzwa na watu arobaini na mmoja wakaachishwa kazi; Modesta, mmoja wao, alibakizwa ofisini kwa muda wa makabidhiano. Wote waliishi kwenye nyumba za kiwanda, Ilemela. Serikali ilisema aliyetumikia miaka kumi abaki na nyumba yake, mradi athibitishe mbele ya kamati siku ya Ijumaa; vinginevyo nyumba ingekwenda kwa wenye mali wapya. Athibitishe kwa kitu gani? Wenye mali hao walikuwa wameyatupa majalada yote, pamoja na nakala za droo ya Modesta. Wiki hiyo mama lishe wa getini walifungia maandazi kwa barua za ajira.

Lakini Modesta alikuwa ameziingiza tarehe za ajira kwenye kompyuta, kila mtu na faili lake, kabla kiwanda hakijauzwa. Alipoona meneja mpya anafuta kila asichokijua, alificha nakala ndani ya folda ya mfumo wenyewe, mahali ambapo hata meneja aliogopa kugusa. Hakumwambia mtu.

Jumanne niliitwa mimi, fundi niliyetoka chuo juzi tu, kuweka mfumo mpya. Niliuweka kwenye folda mpya. Ile ya zamani ikabaki, imejaza nusu ya diski, na mashine ikawa inakwama.

"Hilo dude la nini?" aliuliza meneja, Bwana Nathaniel.

"Mabaki ya mfumo wa zamani, mzee. Hayana kazi tena."

"Sasa unayatazama ya nini? Toa!"

Modesta alikuwa ameenda posta. Nikaandika amri moja ambayo haipitishi kitu kwenye kapu la taka. Folda ikatoweka.

Aliporudi nilimwamkia. "Marahaba, fundi. Bado upo? Nilidhani umeshatoroka na mashine yetu."

"Nimemaliza, mama. Uchafu wote nimeufagia."

"Uchafu gani?"

Nilipomweleza, alikaa kwenye kiti cha wageni, si chake.

"Ulimuuliza nani?"

"Meneja."

"Meneja ndiye anayepiga chapa humu?"

Ndipo akaniambia kilichokuwamo. Nilichomoa mkobani diskete ya kurudishia vilivyofutwa, nikaiingiza kwenye mashine. Faili zilianza kurudi moja moja, zikihifadhiwa kwenye diskete, kila moja imepoteza herufi ya kwanza ya jina lake, na Modesta akinitajia: huyo Masalu, huyo Ng'washi, huyo Yeremia. Tulikuwa tumefika kumi na tisa Bwana Nathaniel alipoingia, akasoma majina kwenye kioo, akang'oa waya ukutani.

"Kazi yako imekwisha, kijana."

Nilichomoa diskete yenye zile kumi na tisa, nikamwita mwizi wa nyumba za watu, mbele ya wafanyakazi wote. Haikurudisha hata faili moja zaidi.

Tarehe za wale ishirini na wawili waliobaki, Modesta alizipiga chapa kutoka kichwani, kwa kaboni kama kawaida. Ijumaa afisa wa kamati alizipokea zile faili kumi na tisa, kwa sababu zilionyesha zilihifadhiwa kabla ya mauzo. Karatasi nyingine alizisukuma kando. Mzee Maige, mfunga marobota, alisimama.

"Modesta, mimi nilianza lini?"

"Themanini na moja, mwezi wa tatu. Wiki ile upepo ulipoezua paa la stoo."

"Mama, hayo ni masimulizi," alisema afisa. "Nataka hati."

Jina la Modesta lilikuwa miongoni mwa yale yaliyorudi. Jumatatu nilimkuta Ilemela, kati ya mawe makubwa ya mtaa wao, nyumba ya Mzee Maige imefungwa kufuli jipya na vyombo vyake viko nje. Modesta alikuwa akivihamishia sebuleni kwake. Nikamwambia lazima tukate rufaa, tuandike magazetini, tuandamane hadi mkoani, kwa sababu nchi haiwezi kuuzwa pamoja na watu wake ndani.

"Tutaandika," alisema bila kunitazama. "Kwanza shika upande huo wa kabati."