Malkia wa Uajemi wa Nakivale

Simu kutoka hospitali ya Mbarara ilimkuta Mukarukundo akipembua maharage mlangoni kwa kaka yake, Eliezeri. Kaka alisikiliza, akaishusha simu, akasema, "Mke wangu ametutoka."

Mukarukundo alipiga magoti palepale. Lakini wazo lake la kwanza, Mungu amsamehe, lilikuwa hili: sasa nani ataniambia wifi yangu alinifanyia nini?

Wifi huyo, Nyirabizimana, alikimbia vita Uvira mwaka 1996 akiwa na miezi miwili tu ya ndoa. Wakimbizi wenzao wa kambi ya Nakivale walipomchagua Eliezeri kuwa mwenyekiti wa kijiji, mkewe hakupewa cheo, alipewa darasa la akina mama kanisani. Kila Alhamisi alirudia habari ya yatima wa Kiyahudi aliyeolewa na mfalme wa Uajemi. Amri ya kuua watu wake ilipotoka, malkia yule hakupiga kelele. Alifunga siku tatu, akamwandalia mfalme karamu, akanyamaza. Akaandaa ya pili, ndipo akaomba. Watu wake wakapona.

"Huyu hafundishi Neno," Mukarukundo alinong'ona. "Anafundisha kupika siasa." Akamwita Malkia wa Uajemi, na jina likashika.

Mwaka 2009 ikasomwa orodha ya familia za kuhamishiwa Oruchinga, kambi nyingine ya wakimbizi. Mukarukundo, mjane mwenye watoto wanne na shamba la mahindi lililoanza kuzaa, alikuwa wa tatu. Wiki hiyohiyo Malkia akaenda Mbarara, akakaa siku tatu katika kambi ya jeshi ya Makenke, kwa mke wa askari. Akarudi uso umekonda, akampikia mumewe jioni mbili mfululizo, nyama na viazi. Orodha iliposomwa tena, jina la Mukarukundo halikuwamo. Mahali pake palikuwa na jina la Gasore, kaka wa Malkia mwenyewe.

"Aliniandika, kisha akaogopa," Mukarukundo aliwaambia majirani. "Na kule kwa maaskari anapeleka nini? Majina yetu!" Aliyemtoa ndugu yake wa tumbo moja, alisema, atashindwa kumtoa nani? Miaka mitatu hakugusa maziwa ya nyumba ile, na kwao kukataa maziwa ni kukataa undugu.

Sasa, matangani, yule mke wa askari akafika. Aliitwa Molly.

"Wewe ndiyo ule wifi?" akauliza. "Alisema iko na mdomo sana."

"Alikuwa anakuletea nini kule?"

"Nini? Hata chai alikataa! Siku tatu anaomba tu, anataja jina yako. Nasema, mama, kunywa hata maji bana. Anasema angefunga nyumbani, mungejua."

Mukarukundo hakuamini. Mke wa askari husema alichofunzwa. Akamfuata kaka yake nyuma ya nyumba.

"Kaka, nani aliniandika?"

Eliezeri alitazama mikono yake. "Ni mimi. Batu banasema napendelea familia. Nikaona nianze na wewe."

"Na yeye?"

"Aliomba ile jioni ya pili, tukiwa tunakula. Akasema kama lazima mtu wa kwetu aende, niandike Gasore. Akanikataza kukuambia, asije akatugombanisha."

"Miaka tatu namutukana, na unanyamaza!"



Walimzika Ijumaa saa nane mchana, mwaka 2012, kwenye mteremko unaotazama ziwa. Mchungaji aliomba, akina mama wa Alhamisi wakaimba. Gasore, aliyetoka Oruchinga asubuhi, alitupa udongo wa kwanza, na Mukarukundo akafuata. Kisha akaingia nyumba ile, akapokea kikombe cha maziwa, akakinywa chote mbele ya watu. Molly akawahi gari la Mbarara. Mukarukundo na Gasore wakaondoka pamoja, bila kumuaga Eliezeri.