Mgongo wa Theonest

Kazi ya Theonest Nyandwi ilikuwa kuumwa na wadudu. Wapo ambao serikali huwalipa waandike, wapo inaowalipa walinde mlango. Yeye alilipwa awape mbung'o mgongo. Jua likishapasha kichaka joto, alivua shati, akajifunga kaniki kiunoni kwa kuwa mbung'o hupenda cheusi, akatangulia njiani. Nyuma yake alifuata Bukuru, kaka wa mkewe, ameshika wavu mdogo wenye mpini. Mbung'o akitua mgongoni, Bukuru alimfunika kwa wavu, akamtia chupani akiwa hai. Sharti lilikuwa moja tu: mtu wa mbele hapigi kofi. Mbung'o aliyepondeka hana la kumwambia daktari anayewachunguza.

Wengine, bila shaka, waliuma kabla wavu haujafika. Theonest alizoea. Hata nyumbani, nzi akitua shavuni hakumfukuza, mpaka Auleria, mkewe, ampungie kwa kanga huku akimwuliza kama ameolewa na nguzo.

Hakuichagua kazi hiyo, kama ambavyo hakukichagua kijiji. Kwao hasa ni Nyamiaga, kule Ngara, kwenye migomba na upepo. Baba yake alihamia Nyakahura kutafuta shamba, akalipata, na mwaka wa sabini na nne mgambo wakaja wakaichoma nyumba yake chungu kikiwa bado jikoni, ili ahamie kijiji kipya ukingoni mwa msitu. Aliyechagua mahali pale alitazama ramani, na mbung'o hawamo kwenye ramani. Kabla mihogo ya kwanza haijakomaa, malale ilikuwa imeanza kuzika watu. Mtu alianza na homa, kisha akawa analala mchana mdomo wazi, kisha hakuamka. Wala hakuna aliyeruhusiwa kuondoka bila barua ya mwenyekiti.

Ndipo akaja daktari wa utafiti na gari na sindano. Aliwaambia wazi kwamba ile si chanjo. Ni dawa ambayo huenda ikamzuia mdudu wa malale ikikaa mwilini, na yeye amekuja kutazama kama ni kweli. Lile neno "huenda" lilidondoka mahali fulani kati ya mdomo wa daktari na mdomo wa Renatus, mwenyekiti wa kijiji. Renatus alitangaza chanjo. Watu walipositasita, alimsimamisha Theonest mkutanoni, akamwambia avue shati na kugeuka.

"Huyu ndugu anaumwa na mbung'o kila siku ya Mungu," alisema. "Amechomwa sindano. Mnamwona mgonjwa?"

Hawakumwona mgonjwa. Walipanga foleni na watoto wao, na Theonest, tusimsingizie unyenyekevu, alirudi nyumbani kichwa juu. Hakuwa amewahi kuwa na maana kubwa hivyo kwa mtu yeyote.

Kisha vita na Amin ikaja. Gari la daktari likachukuliwa kubeba chakula cha wanajeshi, daktari akaondoka, dawa ikaisha. Kazi ya kukamata mbung'o haikusimamishwa, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuisimamisha. Wakaendelea kutembea, mmoja mbele, mmoja nyuma.

"Simama kwanza, shemeji," Bukuru alisema siku moja.

Alikuwa ameona kidonda chini ya bega la kushoto, chekundu, kimevimba kama jipu lisilotaka kuiva. Theonest asingeweza kukiona hata angejipinda vipi. Bukuru alikuwa amekwisha kuviona vya namna ile kwenye migongo ya watu ambao sasa wako makaburini.

"Ni mwiba," Theonest alisema.

"Mwiba gani? Mficha maradhi kifo humuumbua. Omba ruhusa uende hospitali."

Theonest alimwendea Renatus. Mwenyekiti alikitazama kile kidonda kwa muda mrefu, kisha akamrudishia shati yeye mwenyewe, taratibu, kama anayemvisha mtoto.

"Ukitoka hapa unaumwa, watu watajua kabla ya jioni," alisema. "Watasema chanjo ni uongo. Watakimbilia mahame yao, na mgambo watawafuata na viberiti. Nyumba ya baba yako umeisahau?"

"Sijaisahau, ndugu mwenyekiti."

"Basi vumilia mpaka daktari arudi. Tukishafanya mkutano wake, barua nitakuandikia mwenyewe."

Bila barua asingefika mbali. Barabarani palikuwa na vizuizi, na msafiri asiye na karatasi wakati wa vita aliitwa jasusi. Theonest alirudi nyumbani akiogopa pande zote mbili: akisema, kijiji kitaungua, akinyamaza, ataungua yeye. Akanyamaza, kwani kunyamaza ndiko alikokuwa na mazoea nako.

Kidonda kikapona chenyewe. Kwa wiki kadhaa alijidanganya kwamba kweli ulikuwa mwiba. Masika yakapita, homa ikaja ikaenda ikarudi, na usingizi ukaanza kumchukua mchana, akiwa ameshika tonge. Auleria hakuuliza, Bukuru alikuwa amekwisha kumwambia. Alianza kwenda naye kila mahali, kanisani, kisimani, kwenye shamba la kijiji, na kope za mumewe zilipolegea alimgusa ubavuni kwa kiwiko. Watu walitania kwamba mama Leonsia amekuwa na wivu uzeeni. Aliwaachia utani wao. Moyoni alikuwa akimchukia Renatus kwa chuki iliyomkosesha hamu ya kula.

Daktari alirudi vita ilipokwisha, ana gari jingine, sindano mpya na wageni wa wilaya. Mkutano ukaitwa. Theonest aliwekewa kigoda mbele, na Auleria akaketi chini pembeni yake bila kuomba ruhusa. Alimnong'oneza, "Baba Leonsia, mwambie daktari. Yule pale, hatua chache tu."

"Baada ya mkutano," Theonest alisema. "Ameniahidi."

Renatus alimwita. Theonest alisimama, akavua shati, akageuka. Mgongo ulikuwa msafi kabisa, hauna kidonda wala alama ya kidonda, na watu wakapiga makofi. Wanawake wakaanza kuwavua watoto nguo tayari kwa sindano. Daktari mwenyewe alikuwa ameinamia sanduku lake, hakutazama. Theonest akavaa shati, akarudi kwenye kigoda chake.

Renatus alianza hotuba. Ilikuwa ndefu, juu ya ushindi na kujitegemea, na jua lilikuwa kali. Auleria aliona kope za mumewe zikilegea, kisha kidevu kikishuka kifuani. Kwa mazoea kiwiko chake kikanyanyuka.

Kwenye safu ya mbele mtu mmoja alikwisha kuona. Mwanamke mmoja akaacha kumvua mtoto wake. Daktari akainua kichwa kutoka kwenye sanduku.

Auleria akarudisha mkono wake mapajani, akaufumbata kwa ule mwingine, akamwacha mumewe alale mbele ya kijiji kizima.