Nusu Siku Iliyobaki Ghalani

Tuliingia mji ule kwa mlango wa mizigo: nyuma ya viwanda, kando ya ukuta mrefu, mpaka uwanja wa nyuma wa hospitali ambako hapana mgonjwa anayefika. Nilikuwa nimepanda gari la Bwana Vyuma, mkusanyaji wa mitambo iliyostaafu, kwa kuwa nilitaka kuona mashine zinakwenda wapi zikichoka. Sharti lake lilikuwa moja, na alilirudia njia nzima: mtambo usiofutwa kumbukumbu hapakii.

“Nabeba vyuma,” alisema. “Sibebi siri za watu wala mizimu yao.”

Aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo, funguo shingoni, sweta nzito mwilini ingawa jua lilikuwa kali. Hospitali nzima humwita Mama Nyaya. Sweta niliielewa alipofungua chumba cha mitambo: baridi ilitupiga usoni, na feni zilivuma kwa sauti moja isiyovuta pumzi.

Bwana Vyuma aliuliza kama mtambo umeshafutwa. Bado.

“Dada, si tuliahidiana asubuhi?”

“Kwani asubuhi imekwisha?”

Akarudi garini kulala, akinung'unika kwamba hospitali haina haraka ila ya kumtoa mtu kitandani.

Mama Nyaya alinieleza kazi yake huku akifungua nyaya moja moja na kuzikunja kama mtu anayekunja nguo za mtoto. Seva nyingi za hospitali ile, programu zinazohudumia kompyuta za wodi, hazina mwili wao. Chuma kimoja hubeba seva kadhaa, na chuma kikizidiwa, seva huhamia chuma kingine, daktari asijue wala mgonjwa. Lakini kumbukumbu haihami nayo. Kumbukumbu imekaa ghalani, ndani ya kabati la diski, na seva huifuata huko kwa nyaya nyembamba zinazopitisha mwanga. Itifaki, alisema, ni adabu za mlangoni tu. Seva hupiga hodi, hujitaja jina, na ghala likilijua jina hilo hufungua. Lisipolijua, piga hodi kutwa.

Maghala yalikuwa mawili: moja jengo la juu, jingine jengo la chini, kwenye kliniki ya wajawazito. Kilichoandikwa huku kiliandikwa na kule papo hapo. Mashine ndogo ya tatu iliwekwa ofisi ya lango, nayo wenye kazi hiyo huiita shahidi. Siku maghala yakipoteana, shahidi ndiye anayeamua lipi liendelee na lipi linyamaze, maana fahali wawili hawakai zizi moja.

Miaka miwili nyuma, wapaka rangi waliomba ofisi ya lango iachwe tupu. Mama Nyaya akamzima shahidi, kwa siku moja tu. Na kwa kuwa madaktari walichukia kuambiwa wasubiri, alikuwa ameshayaagiza maghala: shahidi asipopatikana, kila moja liendelee. Siku hiyohiyo wachimba mtaro wa maji wakakata waya uliounganisha majengo.

Hakuna king'ora kilicholia. Hilo ndilo linalomwamsha usingizini mpaka leo. Kila ghala liliamini mwenzake amekufa, likaendelea kuandika. Kwa nusu siku hospitali ilikuwa na kumbukumbu mbili, zote za kweli. Waya ulipoungwa, ilibidi moja imezwe na nyingine. Alichagua ya juu ibaki, kwa sababu huko kulikuwa na mahututi na chumba cha upasuaji. Wauguzi wa chini waliandika upya kutoka kwenye karatasi zao. Picha za altrasaundi haziandikwi upya.

Hakujua kwamba asubuhi ile binti yake alikuwa kule chini.

Binti alikuja bila kumwambia mtu. Alitaka kwanza apate picha, aipeleke kwa mama yake mkononi, iwe ndiyo habari yenyewe. Mtoto alionekana, moyo ukipiga. Karatasi za kuchapia zilikuwa zimekwisha. Mpimaji akamwambia asijali, picha imo mtamboni, haipotei, ataichukua safari ijayo. Safari ijayo moyo ulikuwa umesimama.

“Unatunza kumbukumbu za watu wote,” binti alimwambia mama yake siku hizo. Yake ndiyo iliyopotea.

Ila fundi ana mazoea, kama mpishi asivyomwaga maji kabla ya kuonja. Kabla ya kuimeza ile nusu ya chini, Mama Nyaya aliinakili, akaiweka pembeni, ndani ya ghala lilelile la chini. Kuifungua hakuthubutu. Seva iliyolala humo ingeamka na jina lilelile la seva inayofanya kazi, ipige hodi, ifunguliwe, na wawili waandike mahali pamoja. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa kazini. Nyingine aliniambia akiwa amenipa mgongo: muda wote ambao hajafungua, picha ilikuwemo.

Sasa ghala lile la chini linastaafu. Limetengwa na mtandao wote, halina wa kumdhuru. Binti ameomba picha yake, uongozi umekubali. Na gari liko nje.

Binti aliingia, akakaa kwenye kiti cha plastiki, mikono katikati ya magoti kwa baridi. Mama yake aliamsha seva moja.

Ilichukua muda, kisha skrini ikawaka, na saa yake ikaonyesha asubuhi ile. Mara ikaanza kuwatafuta wenzake: seva ya dawa, seva ya maabara, seva ya ujumbe wa simu. Iliwabishia hodi mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyeitika, ikarudia tangu mwanzo. Orodha ya wajawazito ikafunguka. Wa nne alikuwa binti, na mbele ya jina lake neno: anasubiri.

Mama Nyaya aliondoa mkono kwenye kibodi kana kwamba imemuunguza.

“Endelea, Mama.”

Picha ilikuwemo. Mawimbi ya kijivu, giza lenye umbo la haragwe, na ndani yake kitu kidogo kikipepesa, kikipepesa, mpaka picha ikafika mwisho ikaanza tena.

“Ndiye huyo,” binti alisema.

Walitazama mabega yakigusana. Baadaye Mama Nyaya aliinakili kwenye diski ndogo, akaikagua, akaikagua tena, akampa. Ikabaki amri ya kuzima na kufuta. Aliiandika. Kidole kikakaa juu ya kitufe, kikakataa kushuka.

“Humu bado ni asubuhi ile,” alisema. “Bado moyo wake unapiga.”

Binti alisimama nyuma yake. “Zima, mama yangu. Usimwache humo peke yake.”

Akabonyeza.

Hodi zikakoma. Taa za diski zikaanza kuwaka kwa mpangilio, safu kwa safu, ghala likijiandika utupu. Kanuni inataka mtu abaki mpaka kazi iishe. Mama Nyaya alinitazama, nami nikasema nitabaki. Alivua sweta, akamvika binti yake, wakatoka, diski ikiwa mkononi mwa binti. Nilisikia funguo zikigongana shingoni mpaka mwisho wa korido.

Baada ya muda Bwana Vyuma alichungulia, uso umekunjamana kwa usingizi.

“Bado?”

“Bado.”

Alizitazama zile taa. Kisha akavuta kiti cha plastiki, akakaa kando yangu.