Shoka la Mama Fiona

"Nileteeni shoka lolote! Hata lile lililochonga safina ya Nuhu, nitalirudishia meno kabla chai yenu haijapoa!"

Bethuel aliyasema hayo kwenye maikrofoni, katika chakula cha mchana cha Wakenya wa kanisa kule Aston, Birmingham, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Kazi yake ilikuwa kuogesha wazee na kuwalisha uji. Lakini marehemu baba yake alinoa mashoka ya wapasua mbao kwao Londiani, na mwanaume akishashinda kwenye glavu za plastiki mwaka mzima, lazima atafute pa kuuweka uanaume wake. Watu wakacheka. Mkewe Milka akamvuta koti. "Baba Ivan, keti. Hapa hata kuni hatuna."

Kampuni iliyomwajiri ilikuwa imempunguzia wazee mpaka akabaki na mmoja tu aliyemtaka kwa jina: Mama Fiona, Mskoti kipofu wa ghorofani Ladywood. Na viza ya familia nzima ilining'inia kwenye kampuni hiyo. Mama Fiona akimkataa, kazi hakuna. Kazi ikiisha, warudi. Bethuel alimtunza kama yai.

Ukutani, juu ya redieta ya kupashia chumba joto, bibi alikuwa ametundika shoka la ukoo wake, lenye kutu ya rangi ya ini. Alikuwa amefundisha maandishi ya Kiskoti cha zamani maisha yake yote. Siku hizi alisahau hata kama amekula, ila hayo masomo bado yalikuwepo.

"Hili lilikuwa la kuni au la vita, Mama?"

"Shoka sisi tuliita aix, na aix ni aix, Bethuel. Watu wetu walikuwa maskini, wangenunua mawili kwa nini? Asubuhi gogo, jioni shingo ya jirani. Asiyejua upinde, sheria ilimtaka aje vitani na shoka zuri."

"Na hao majirani mlikuwa mnasalimiana?"

"Kwa mbali."

Kila asubuhi Bethuel alimshushia shoka mapajani. Bibi alipitisha kidole polepole kwenye chuma, kisha akashusha pumzi. Sasa, Londiani mtu akipapasa shoka na kuguna, ameshasema yote: hili butu, linoe. Kwamba kidole cha bibi kilipita kwenye bapa, mbali na makali, Bethuel hakulitilia maanani. Alisikia ombi, tena ombi la mtu aliyeshika viza yake.

Alasiri moja, bibi akiwa amelala, alilitoa hadi roshani akalipiga grinda aliyoazima kwa Gurnam, fundi jirani yake. Kutu ikamwagika kama unga. Vijishimo vya kwenye bapa, alivyodhani ni kutu imekula, akavisawazisha mpaka akajiona uso. Hata mluzi alipiga.

"Haya, Mama, shika. Lakini angalia vidole!"

Kidole kikapita. Kikarudi. Kikapita tena, kama mtu anayetafuta swichi ya taa katika nyumba ya wenyewe.

"Wako wapi?"

"Kina nani, Mama?"

"Baba wa babu yangu. Na waliomtangulia. Majina yao yalichongwa hapa, kwa Kiskoti chao. Nilikuwa nawasoma."

Bethuel akachukua kalamu. "Nitajie, Mama. Nitayachonga upya, leo hii."

Bibi akafungua mdomo. Akaanza herufi moja, akaiacha, akashika nyingine. Hapakutoka jina hata moja. Kichwa kilikuwa kimeshayaacha zamani; kidole ndicho kilichokuwa kikimkumbusha.

"Ungeniuliza tu," alisema. Hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa afadhali.

Kesho yake kampuni ilipiga simu: mteja hataki arudi, na mwingine wa kumpa hayupo. Bethuel aliomba kila kampuni ya wazee mjini. Zilizojibu zilitaka mtu mwenye viza yake mwenyewe, isiyotegemea kampuni. Kisha ikaja barua ya Uhamiaji: familia yote iondoke nchini.

Bethuel alisubiri Milka, ambaye ulimi wake haukuwahi kulala njaa, amtukane. Mkewe alikaa mezani akisogeza kidole kwenye simu, juu ya bei za ndege.

"Ivan naye siku hizi analipa nauli kama mtu mzima," alisema.

Tiketi ya kwenda tu, Birmingham hadi Nairobi, ni pauni mia nne na thelathini.